Mgonjwa wa saratani anakuja Dar kutibiwa: akae kwa ndugu, apange chumba, atafute wodi, au awe anakuja na kurudi?

Rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ikishatoka, swali la kwanza kwenye grupu la wasap la ukoo ni hela, la pili ni "atafikia kwa nani". Hilo la pili ndo linajibiwa haraka haraka, mtu anaandika si yupo kaka yake Mbagala, wote wanaweka emoji ya mikono, imeisha, tiketi inakatwa. Mimi ndo huwa nafikiwa. Nyumba yangu imeshapokea wagonjwa wa kwetu Njombe, na wengine nimewasindikiza tu kliniki wakiwa wamekaa kwingine, kwahiyo nalinganisha nilichokiona. Matibabu yenyewe siyagusi, hayo daktari kashapanga. Naongelea yanayobaki, manake mgonjwa akishatoka kwenye mashine saa nne asubuhi bado ana mchana mzima na usiku mzima wa kula, kuumwa, kwenda chooni na kuwaza, na hapo daktari hayupo, upo wewe.

Kabla hujalinganisha sehemu, jua anatibiwa na nini

Watu wanasema tu "anaenda kutibiwa kansa" kama vile ni kitu kimoja. Sasa sikia. Mionzi ni kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku dakika chache kwenye mashine halafu unaondoka. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndo inaleta wamama wengi pale, mionzi ya nje inachukua kama wiki tano, katikati yake mara nyingi anawekewa na dripu ya chemo (dawa za kuua kansa) mara moja kwa wiki, alafu kuna mionzi ya ndani. Ya titi inaweza kuwa wiki tatu au tano, inategemea daktari. Na hizo wiki zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya mashine, sio siku ulioshuka Magufuli stendi, manake kabla ya hapo kuna kufungua faili, kurudia vipimo, skani, kuchorwa alama za wino mwilini za kuonyesha mashine ipige wapi, kusubiri zamu, na kuna siku damu imeshuka inabidi aongezewe kwanza. Familia ikipanga bajeti ya wiki tano, pangeni miezi miwili na zaidi, sio uchoyo wala mkosi, ndo ilivyo.

Chemo peke yake ni hadithi nyingine, nyingi zinaenda kwa mizunguko ya wiki tatu tatu, unawekewa leo unarudi baada ya siku 21. Alafu kuna yule aliyesambaa kwenye mifupa anakuja kupunguziwa maumivu, huyo mara nyingi anapigwa mionzi mara moja tu na inasaidia sawa na kupigwa siku nyingi, kwahiyo kumpangia chumba cha miezi mitatu ni kupoteza hela. Ukishajua yupo kundi gani, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Na ujue Ocean Road ilipo. Iko mjini kabisa, baharini, jirani na Ikulu, lile jengo la zamani la Wajerumani la miaka ya 1890, taasisi imekuwa taasisi tangu 1996. Pale jirani hakuna mtaa wa kupanga wa mtu wa kawaida, ni ofisi na mabalozi. Ukija na mwendokasi ya Kimara unashuka Kivukoni kisha bajaji au miguu kama una nguvu. Ukitoka Kigamboni unavuka na pantoni unashukia Kivukoni hapo hapo. Nasema haya manake kipimo cha umbali wa Dar sio kilomita, ni magari mangapi anabadilisha.

Kwa ndugu

Hii ndo chaguo la wengi na ina uzuri wake sitaki kuudharau. Anakula chakula anachokijua, anasikia kilugha chake, kuna mtu wa kumwambia pole, na kodi hamna. Mgonjwa anayeishi kwenye nyumba yenye kelele za watoto na tivii wengine wanachangamka kabisa kuliko akiwa amejifungia na mawazo yake.

Ila kuna mambo hayasemwi kwenye grupu. La kwanza, mwenye mzigo sio kaka mtu aliyejibu "aje tu", ni mke wake. Huyo wifi ndo ataamka saa kumi kuchemsha maji, ndo atapika uji wa pembeni, ndo atafua shuka, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Mkitaka mgonjwa akae kwa amani, mpigieni wifi, yeye mwenyewe, na mchango wa chakula utumwe kwenye namba yake sio ya kaka.

La pili ni nani atamwogesha. Baba akifikia kwa mtoto wake wa kiume, mchana anabaki na mkamwana, na mkamwana hawezi kumwogesha baba mkwe wala kumbadilisha, hata akikubali yeye baba atakataa atakaa na uchafu wake hadi kijana arudi kazini saa mbili usiku. Nimeona mzee anajizuia kunywa maji mchana ili asiombe kupelekwa msalani. Kwa hiyo hata kama nyumba ipo, lazima aje na mtu wake, mtoto wa kike au mjukuu wa kiume, mtu ambaye aibu haipo kati yao.

La tatu choo. Mionzi ya nyonga ikifika wiki ya pili ya tatu hivi, mgonjwa anaanza kuharisha, mkojo unachoma na unambana kila saa. Nyumba yenye choo cha nje kinachoshea wapangaji sita, usiku, mvua, huku miguu haina nguvu, hiyo ni adhabu. Ndoo yenye mfuniko chumbani inasaidia lakini lazima awe na chumba chake, sio amelazwa sebuleni kwenye kochi.

La nne ni harufu, na hili nalisema wazi kwasababu watu wanalificha hadi mgonjwa anajitenga mwenyewe. Saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imekwenda mbali inatoa uchafu unaonuka, na kidonda cha titi kilichofunguka pia kinanuka. Sio uchafu wa mtu, ni bakteria kwenye nyama iliyokufa, na ina dawa. Kwa kidonda cha nje manesi wanafundisha kusaga vidonge vya Flagyl na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda baada ya kukiosha na maji ya chumvi, siku chache harufu inapungua sana. Kwa huko ndani mwambie daktari atajua ampe nini, usijaribu mwenyewe. Nyumba ya ndugu ambapo wageni wanaingia na kutoka, mgonjwa ataanza kukaa chumbani, hali na wenzake, anasema sina njaa, kumbe anaogopa kukaa mezani. Muulizeni.

Umbali ndo kitu kinachonifanya nikatae nyumba ya ndugu mara nyingi. Wanaopigwa mionzi ya nyonga huwa wanaambiwa wanywe maji kibofu kijae kabla ya kulala kwenye mashine. Sasa fikiria mama wa miaka sitini ametoka Chanika, daladala mbili, foleni, kasimama, kashakunywa maji, au kafika anakunywa ndo anasubiri zamu ambayo imesogezwa. Wiki ya kwanza anaweza. Ya nne hawezi, anaanza kuruka siku, na mionzi ikirukwa rukwa inapunguza nguvu ya tiba nzima. Msimu wa masika ndo usiseme, Jangwani ikijaa maji mwendokasi inakatika na nyie mko upande wa pili.

Chumba cha kupanga

Watu wanaona aibu, "ana ndugu Dar nzima anapangaje". Mimi naona kwa mtu wa mionzi ya wiki tano, mwenye muuguzaji wake, hii inazishinda zote kama hela ipo. Magomeni, Ilala, Keko, au Kigamboni upande wa feri, gari moja au pantoni umefika. Mgonjwa ana mlango wake, analia akitaka kulia, anatapika bila kuomba radhi.

Kero yake inajulikana, baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi na dalali anataka mwezi wake. Mwambieni ukweli kwamba ni mgonjwa wa matibabu ya muda, wapo wanaokubali mwezi mwezi, na wapo watakaowakataa wakisikia kansa wakidhani inaambukiza, kwahiyo ni vizuri mmejua mapema. Kuna kitu wanawake wanafanya wakishajuana kwenye benchi la mionzi, wawili wa mikoa tofauti wanapanga chumba pamoja na wauguzaji wao wawili, kodi inagawanywa, bajaji inagawanywa, na muuguzaji mmoja akienda sokoni mwingine yupo. Ukipata mwenzako wa hivyo umepata zaidi ya ndugu.

Gesti usihangaike nayo labda siku mbili tatu za mwanzo. Huruhusiwi kupika, na mgonjwa wa mionzi hawezi kuishi kwa chipsi mayai.

Ubaya mkubwa wa chumba ni upweke wa muuguzaji. Mgonjwa anaonwa, anapewa pole, yule binti aliyeacha biashara yake Makambako akaja kukaa chumba cha futi kumi kwa kumi na mama anayeugulia usiku kucha, huyo hakuna anayemuuliza umelala. Ndugu wa Dar ambao nyumba zenu ziko mbali, kazi yenu ndo hii, njooni Jumamosi mumpumzishe, aende saluni, aende kanisani, alale tu. Hata hela ya vocha.

Wodini au hosteli

Kila familia inaanza na hii, "si wamlaze tu". Kitanda cha wodini ni cha aliyezidiwa, anayetembea mwenyewe anakuja na kuondoka kila siku. Ila aliyetoka mbali na hana kabisa mtu, muende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, siku ya kwanza, msisubiri hela iishe. Hao ndo wanajua nafasi ziko wapi, ndo wanashughulikia na msamaha kwa asiye na uwezo, na wanataka barua ya serikali ya mtaa au kijiji chenu kwahiyo njoo nayo kutoka nyumbani, kurudi Makete kufuata muhuri wa mtendaji ni nauli nyingine.

Akipata kitanda, faida ni kubwa usiku. Homa ikipanda nesi yupo, dripu ipo. Na kuna ile shule ya wodini, mwanamke aliye wiki ya tano anamwambia wa wiki ya kwanza vaa dera, usivae chupi inayobana, alama za wino usizisugue na sabuni, ngozi ikiungua usipake mafuta yako bila kuuliza, ukiharisha acha maharage kwanza kula wali na ndizi unywe ORS. Daktari alishayasema yote hayo, ila yakisemwa na mwenzako mwenye kitambaa kichwani kama chako yanaingia. Kwa upande wa moyo kabisa, nimeona wagonjwa wa wodini wana amani kuliko wa nyumba nzuri ya Mbezi Beach.

Hasara: mtu wenu hatalala naye, ataingia saa za kuona wagonjwa, faragha hamna, na jirani wa kitanda akifariki usiku asubuhi mgonjwa wenu hali chochote. Mjiandae kwa hilo, siku hiyo aende mtu wa kukaa naye.

Mtoto ana hesabu zake, msimpeleke kwa hesabu ya mtu mzima. Watoto wenye saratani wanatibiwa Muhimbili, kuna mradi wa Tumaini la Maisha pale, na kuna hosteli inaitwa Ujasiri House ambapo mtoto na mzazi wanakaa kipindi cha matibabu, na watoto wanacheza na kusoma. Kwa mtoto sifikirii mara mbili, hosteli inashinda nyumba ya ndugu yeyote, manake matibabu ya lukemia, saratani ya damu, yanaenda hata miaka na mzazi akichoka tu katikati mtoto anarudishwa kijijini.

Kuja na kurudi

Hii inawafaa wa chemo tu, wa mionzi isahauni isipokuwa mnakaa Kibaha. Mwenye mzunguko wa siku 21 kukaa Dar siku zote hizo akisubiri dripu moja ni kuua familia kwa gharama, arudi kwake akae na kuku wake. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro na Dodoma 2024 watu wa njia hiyo wamepata nafuu kubwa, safari haitikisi na choo kipo. Mtu wa Njombe au Songea ambaye basi ni siku nzima, sijui, inategemea anatapika kiasi gani, mwingine anakaa siku tatu nne kwa ndugu akipata nafuu ndo anasafiri, na hapo nyumba ya ndugu inafaa kabisa, hata ya mbali.

Kitu kimoja cha kuogopa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kinga ya mwili inakuwa chini kabisa, na siku hizo ndo yupo kwenu mkoani. Joto likifika 38 sio malaria ya kununulia dawa duka la dawa, ni kukimbia hospitali usiku huo huo na kusema kwa sauti "anatumia chemo", mpe nesi na kadi ya kliniki aione. Nunueni kipimajoto, kile cha kwapani kinatosha. Kama kwenu hadi hospitali ya wilaya ni masaa manne ya bodaboda, basi hiyo wiki ya pili asikae kijijini, akae mjini wilayani kwa mtu.

Alafu ulizeni kama lazima iwe Dar. Watu wa Kanda ya Ziwa mna Bugando Mwanza, chemo ipo na mionzi ipo, sioni kwanini mtu wa Geita au Bukoba avuke nchi nzima labda daktari amesema kuna kitu maalum. Kaskazini KCMC Moshi wana kituo cha saratani tangu 2016 wanatoa chemo. Mzunguko wa chemo ukiweza kuhamishiwa karibu omba uhamishiwe, madaktari wanaandikiana, ila lazima uulize wewe. Wa Zanzibar na boti, wengi wanafikia kwa watu wao Kariakoo na Ilala, kwao chaguo la ndugu linafanya kazi sababu ndugu wako karibu na mjini.

Maumivu, hapa sehemu zinatofautiana sana

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuangalia nitachagua hiki. Mgonjwa anayeumwa hali, halali, na akisafirishwa kwa daladala anakataa matibabu, ndugu wanasema amekata tamaa kumbe anaumwa tu.

Panadol ikishindwa kuna tramado, ikishindwa kuna mofini ya maji. Watu wakisikia mofini wanalia, wanajua ndo mwisho. Hapana. Mofini inaandikwa kwa kiwango cha maumivu, sio kwa siku zilizobaki, kuna watu wanaitumia wakiwa katikati ya mionzi, maumivu yakiisha inapunguzwa taratibu. Inanyweka kila baada ya masaa manne kwa saa, sio akiumwa ndo apewe, na ya kulalia mara nyingi daktari anaandika mara mbili ili asiamke usiku wa manane. Inafunga choo, karibu kila mtu, kwahiyo inatoka na dawa ya kulainisha choo na hiyo nayo inywewe kila siku, asipopewa ulizeni kabla hamjatoka dirishani.

Sasa linganisha. Wodini nesi anampa. Kwenye chumba muuguzaji anampa, mama mdogo wangu alikuwa na kitochi chake alamu zimepangwa saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, na daftari la shule la mistari anaweka tiki, saa, na alama ya maumivu kwa vidole, mgonjwa ananyanyua vidole viwili au vitano. Lile daftari daktari alilisoma kliniki akapandisha dozi pale pale bila maswali mengi. Kwa ndugu ndo inavurugika, asubuhi kampa wifi, mchana hausigeli hajui, jioni kaka anasema msimpe sana atazoea, yaani dozi tatu zimeruka kwa siku. Kama ni kwa ndugu mtu mmoja tu awe mwenye chupa, na wengine wote waambiwe mchana kweupe kwamba hatazoea. Nyumbani mkoani shida sio kumpa, shida ni kuipata, haiuzwi duka la dawa la kona, lazima ujue kabla ya kuondoka Dar hospitali gani ya karibu nanyi inayo. Arusha kuna Selian, Tanga kuna Muheza, hao wana timu zinazofuata wagonjwa hadi majumbani miaka mingi. Dar yenyewe kuna PASADA, shirika la Kanisa Katoliki. Kwingine muulizeni daktari anayewaruhusu, apige simu huyo daktari, sio nyie.

Chakula na hela, haraka

Kwa ndugu chakula kipo ila na washauri wapo. Watakuambia sukari inalisha kansa, nyama inalisha kansa, mayai usimpe, mpe juisi ya stafeli na majani yake. Mgonjwa anabaki mifupa, uzito unashuka, damu inashuka, chemo inaahirishwa. Mpeni uji wenye karanga na maziwa, mayai, dagaa, samaki, kidogo kidogo mara nyingi. Mdomo ukiwa na vidonda asukutue na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, chakula kiwe cha baridi baridi laini bila pilipili wala ndimu. Dawa za majani mkimpa mwambieni daktari, msifiche, zingine zinagombana na chemo kwenye ini. Kwenye chumba mnapika mnachotaka na washauri wanabaki kwenye simu, unazima data.

Hela, kadi ya bima ikiwepo ulizeni dirishani inabeba nini na nini hapana, mkiandikiwa kontro namba muulize ni ya kitu gani kabla ya kulipa. Lakini kinachomaliza familia nyingi ni nauli, bajaji, pampasi, chakula, na mshahara wa muuguzaji uliopotea, na hivyo bima haigusi hata kidogo. Mchango wa grupu unatangazwa kama "wa matibabu" unatumwa wote wiki ya kwanza, wiki ya sita hakuna kitu. Tumeni kila Ijumaa kidogo.

Kumficha

Hili linaharibu kila chaguo. Familia inamwambia daktari msimwambie mama ana kansa, presha itapanda. Anapelekwa kila siku geti ambalo kibao kinasema Taasisi ya Saratani, anakaa benchi na watu wanaojiita wagonjwa wa kansa, halafu nyumbani wote mnaigiza ni "uvimbe kidogo". Anajua. Anawaigizia na yeye. Kwa ndugu ndo igizo linakuwa kubwa manake kuna wageni, na anakosa mtu wa kumuuliza mambo yake, kama atapona, kama ataweza tena kuwa na mume wake, kwanini ananuka. Mwambieni, au mwacheni daktari amwambie mkiwa mmekaa naye. Sheikh, padri, mchungaji aje pia kama anamtaka, ila mchungaji anayesema acha dawa uone mkono wa Mungu huyo mumzuie mlangoni, kwa heshima lakini mumzuie.

Mimi ningechagua hivi

Mionzi ya wiki nyingi, ana mtu wake wa kumuuguza: chumba karibu na mjini, ndugu wachangie kodi badala ya kutoa kochi. Hana hela ya chumba: kwa ndugu aliye gari moja toka Posta au Kivukoni hata kama nyumba ni ndogo, sio kwa mwenye nyumba kubwa Bunju. Hana mtu kabisa: ustawi wa jamii siku ya kwanza. Chemo tu: kwa ndugu siku chache, kisha kwao, na kipimajoto. Mionzi ya siku moja ya mifupa: kwa yeyote, popote. Mtoto: hosteli.

Na kuna yule ambaye daktari amesema matibabu ya kuponya hayapo tena. Hapo watu wanagombana, wa Dar wanataka abaki karibu na hospitali kubwa, wa nyumbani wanataka arudishwe, na wengine hawasemi ila wanawaza gharama ya kusafirisha mwili. Semeni tu, hata hilo la mwili, linazungumzika. Ila mumuulize mwenyewe kwanza anataka kuwa wapi, na kama anataka kwao, arudi angali anaweza kukaa kwenye siti. Kabla hajaondoka chukueni muhtasari wa matibabu wenye muhuri, barua ya hospitali ya wilaya, mofini ya kutosha na jina la mtu atakayewapa nyingine. Basi liwe la asubuhi, siti ya mbele karibu na mlango, mto wa kukalia, dozi moja anywe kabla ya kupanda, na chupa yenyewe msiweke kwenye buti na mabegi, akae nayo muuguzaji mapajani.